Mraba Mmoja, Nusu Siku kwa Farasi

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata kazi! Nusu ya kazi. Yaani nimepata jaribio.

Deka alipiga simu asubuhi, Kiende amening'inia titi la kushoto na mimi nakoroga uji wa wimbi kwa mkono wa kulia. Deka ana duka la michezo kule Meru mjini, ile michezo ya mezani ambayo watu wazima wanaizunguka wakijifanya wafalme na wachawi. Sasa anatengeneza mchezo wake mwenyewe. Unataka ramani za falme kumi na mbili. Aliona ramani niliyochora nikijifundisha, niliyoiweka mtandaoni bila matumaini yoyote. Anataka ufalme wa kwanza Jumamosi, kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ukimpendeza, zote kumi na mbili ni zangu. Mwaka mzima wa kazi, hapa mlangoni mwangu, mtoto mgongoni.

Usipompendeza, kuna Shangazi Angeline. Amenitafutia kazi ya duka mjini Maua. Kulala huko huko. Kiende abaki na nyanya yake, niwe namwona mwisho wa mwezi. Shangazi anataka jibu Jumapili baada ya kanisa. Kiende ana mwaka mmoja na miezi miwili. Akiamka asinione, hulia mpaka atapike.

Basi. Siendi Maua. Nimeandika kwa herufi kubwa kwenye jalada la daftari hili nisije nikasahau: SIENDI.

Nilifungua programu ya ramani. Inakupa kila kitu: milima, misitu, majumba, mazimwi. Haikupi wazo. Nilikaa mbele ya kioo cheupe mpaka saa nne. Halafu nikainua macho. Mlango uko wazi, na kilima chetu chote kimekaa pale bure.

Nikakichora. Mto unapopinda kama kiwiko, nikaupinda. Nyumba ya Baba mkwe nikaifanya kasri. Zizi la mbuzi, ngome. Miti yake mikongwe ya miraa, bustani ya kifalme. Choo, Mnara wa Huzuni. Jikoni kwa Beverlyne, mke wa shemeji Kaburu, nikaweka pango la zimwi. Sikuwa na nia mbaya. Moshi hutoka pale kila saa.

Mwisho nikawasha gridi. Hiyo ni leya ya mistari inayolala juu ya ramani na kuigawa miraba sawasawa, wachezaji wajue wamefika wapi. Bofya moja tu, kilima chetu kikawa na heshima kama kitu cha serikali! Herufi juu, namba kando. Deka alisema mraba mmoja uhesabiwe safari ya nusu siku. Nikaandika chini pembeni: MRABA 1 = NUSU SIKU KWA FARASI.

Kiende amekanyaga kibodi mara mbili. Mara ya pili zimwi likawa mawili. Nimeyaacha.

Jumanne, 4 Machi

Kioo cha laptopu kina ufa, siwezi kuona ufalme wote kwa pamoja. Nikashuka Mikinduri sokoni, duka la fotokopi, nikatolewa ramani kwenye karatasi kubwa. Nzuri! Mwenye duka akauliza hilo shamba kubwa hivyo ni la nani. Nikasema ni la mfalme. Akaikunja karatasi kwa heshima.

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka.

Nyumbani niliitandaza mezani kwa Mama mkwe, nikaenda kumbadilisha Kiende nepi. Kurudi, shemeji Kaburu ameinamia ramani, mkono mmoja nyuma kama daktari. Kidole cha mkono mwingine kikafuata mto, kikapanda kilima, kikasimama kwenye kasri.

Akauliza saveya wa kupima ardhi alikuja lini.

Nieleze kidogo. Baba mkwe, Mzee Kiunga, hajagawa shamba. Wana ni wawili, Kaburu na mume wangu Riungu. Wote wanangoja, na hakuna anayesema anangoja. Hapa kwetu baba akiwa hai hutaji kugawa. Ni kama kumchimbia kaburi akikutazama. Sasa ona karatasi ile: kilima chetu, mto wetu, halafu mistari, herufi na namba. Kaburu hakuona mchezo. Aliona viwanja.

Nilimwambia ni mchezo. Mungu ni shahidi, nilimwambia. Nikamwonyesha hadi zimwi. Akacheka kile kicheko cha mtu anayejua unaficha kitu na anakuheshimu kwa kukificha. Akasema kwa sauti ya chini, "Sawa, Mama Kiende. Mimi sijaona kitu. Ila mraba huu wa mtoni ni wa nani?"

Kiende akaanza kulia. Kaburu akamchukua bila kuombwa. Shemeji ambaye hajawahi kumshika mtoto huyu tangu azaliwe! Akamzungusha uani nusu saa nzima. Nikamaliza misitu yote ya mashariki.

Sikudanganya mtu. Aliponirudishia mtoto nilisema tu kwamba miraba bado haijaandikwa majina.

Jumatano, 5 Machi

Siku bora ya maisha yangu.

Saa mbili, Beverlyne na mzigo wa kuni. Beverlyne, ambaye tangu niolewe hapa hunisalimia kwa kidevu! Akauliza hali ya mgongo wangu. Akamchukua Kiende, akamwogesha, akampaka mafuta mpaka akang'aa. Saa nne akaleta sahani ya mukimo. Saa sita akauliza kama D4 ina maji.

Mama mkwe naye. Kiende ana jina lake, kwa hivyo humwita "mimi". Lete mimi nimbebe, husema, na humbeba dakika kumi mgongo ukaanza kuuma. Leo amembeba saa tatu. Aliporudi akaniambia yeye hataki makubwa, mraba mmoja tu karibu na kanisa, wa kuku wake. Sikuwa nimechora kanisa. Nikachora.

Nimeweka utaratibu. Mwalimu wangu wa hesabu alisema sina utaratibu. Angeniona leo! Leya mpya juu ya gridi, nimeiita MAJINA. Ukimshika mtoto saa mbili, jina lako linaingia. Ukileta chakula, unapata mraba wenye miti. Sijampa mtu shamba mimi. Nimempa herufi kwenye ufalme usiokuwepo. Kama wao wanafikiria kitu kingine, hayo ni mawazo yao.

Milima imeisha. Ngome imeisha. Riungu alipiga simu kutoka Kiritiri, anakopakia mchanga kwenye malori. Nikajikaza kumweleza. Akasema Kaburu ameshamwambia. Nikangoja anikemee. Akauliza yeye nimemwandika wapi.

Mume wangu mwenyewe! Nikamwambia akija mwisho wa mwezi amshike mtoto siku mbili mfululizo, tutaongea. Nimemwekea G2.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi Kaburu akauliza mraba mmoja una urefu gani. Mimi niko na misitu ya magharibi, Kiende anavuta waya wa chaja. Sikufikiria. Nikamwambia imeandikwa pale chini. Akasoma kwa sauti. Nusu siku kwa farasi.

Akawaza sana. Akasema farasi hatuna.

Akachukua punda wa maji.

Nilidhani anaenda mtoni! Kumbe saa tatu ameanzia mlangoni kwa Baba mkwe, begani ana kifurushi cha vijiti vya mutungugu. Huo ndio mti unaooteshwa mpakani, kila mtu hapa akiuona anajua mwenzake ameishia hapo. Punda akatembea nusu siku. Kaburu nyuma yake. Ni mtu mkweli, hakumharakisha. Alimwacha ale popote alipotaka kula, kwa sababu, kama alivyonieleza baadaye, farasi pia hula.

Mraba wa kwanza ukamaliza shamba letu, ukavuka barabara, ukapita shamba lote la mwalimu Mwirigi, ukaishia nyuma ya josho la ng'ombe. Pale Kaburu akachimba mashimo sita na kuotesha vijiti sita. Mvua iko karibu, alisema, vitashika.

Alirudi machozi yanamlengalenga. Kumbe shamba la babu lilifika kule. Kumbe miaka yote hii tunawaamkia watu waliokalia chetu. Nikamwambia shemeji, ni mchezo. Akaniwekea mkono begani. "Usiogope, Mama Kiende," akasema. "Ukweli umeshatoka."

Ningepaswa kuzima kila kitu pale pale. Najua. Lakini Beverlyne alikuwa na Kiende, na mimi nilibakiza pwani ya kusini tu.

Ijumaa, 7 Machi

Mabaya matatu, na chai sijanywa.

Mwalimu Mwirigi alifika saa moja. Mstaafu, lakini tai bado anafunga. Mkononi vijiti sita. Akavilaza mlangoni kwa Baba, kimoja kimoja, vimelingana kama kalamu mezani. Akaenda zake.

Kisha Deka, niliyemtumia rasimu usiku, akatuma ujumbe wa sauti. Ufalme umempendeza. Mazimwi mawili yamempendeza zaidi. Lakini miraba haifai. Mchezaji akikata kona anapata njia ndefu kuliko anayeenda mbele, na wote wanahesabiwa hatua moja, watu watapigana. Anataka pembesita, kama sega la asali, kila upande hatua ni ile ile. Nibadilishe gridi tu, ni bofya moja.

Ni kweli. Ni bofya moja.

Nikabofya. Miraba ikawa sega, ikasogea yote, nikasogeza na ramani ili pwani ikae vizuri. Majina hayakusogea. Mama mkwe na kuku wake wakaangukia mtoni. Kaburu nusu yuko kasri, nusu yuko Mnara wa Huzuni. Riungu yuko nje ya ufalme kabisa. Na Beverlyne, pamoja na kuni zake zote, jina lake limelala sawasawa kwenye mdomo wa zimwi.

Nikageuka. Beverlyne yuko nyuma yangu, Kiende mgongoni.

Hakupiga kelele. Alisogeza uso karibu na kioo. "Hilo bati lililokunjika juu ya pango," akasema, "si ni la jikoni kwangu?"

Nilikuwa nimelichora bati. Sijui kwa nini. Nilitaka pango lifanane.

Akamfungua mtoto polepole, akanipa. Kuni amekuja kuzichukua mwenyewe. Hata zile zilizoanza kushika moto.

La tatu nililetewa na Mama mkwe. Baba ameita watu wote wa boma kesho saa nane, na mimi nije na mashine yangu. Alinieleza kwa upole, huku ananifunga leso ya mtoto mgongoni. Akaongeza kwamba mzee hajala tangu asubuhi. Amekaa tu. Anauliza ni nani kati yetu anayemngoja afe.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Jumamosi, 8 Machi

Saa nane, mvua ya kwanza. Tulijazana jikoni kwa Mama. Baba kitini, kofia magotini. Laptopu juu ya debe la unga. Betri asilimia thelathini, na stima imepotea kwa sababu ya mvua. Deka anangoja kabla ya saa kumi na mbili.

Baba akauliza aliyegawa ni nani. Kila mtu akamtazama mwenzake, kisha wote wakanitazama mimi. Kaburu akaanza kueleza habari za farasi. Baba akainua kidole kimoja, Kaburu akakaa.

Nilikuwa na uongo. Uongo mzuri, nimeutengeneza tangu asubuhi, una afisa wa ardhi na muhuri ndani yake. Nikafungua mdomo. Lakini Kiende alikuwa ametembea peke yake mpaka kwa babu yake, ameshikilia suruali yake asianguke, na mzee akaweka mkono juu ya kichwa chake bila hata kumtazama. Uongo wangu ukakauka.

Nikageuza kioo kimwelekee. Nikasema Baba, hii mistari haiko shambani. Iko juu tu, kama chandarua juu ya kitanda. Nikazima majina. Nikazima gridi.

Kilima kikabaki. Mto wake, miraa yake, nyumba yake na bendera juu.

Alikitazama muda mrefu. Akaniambia niwashe. Nikawasha. Akasonya. Akaniambia nizime. Nikazima. Washa. Zima. Mara tano, huku jikoni hakuna anayekohoa.

Halafu akasema, "Hapo sasa ni kwangu. Mama Kiende, mistari isirudi hapo nikiwa hai."

Nikaahidi.

Tukapumua. Kaburu akaagizwa apeleke asali kwa mwalimu Mwirigi na kuomba msamaha, aende kwa miguu, punda abaki. Mama akapakua chakula, mzee akala. Katikati ya kula akauliza yule mnyama anafanya nini jikoni kwa Kaburu. Beverlyne akanikazia macho. Nikasema ni mlinzi. Baba akasema mbona yeye hana. Nikamhamishia lile zimwi la pili, nikaliweka mlangoni pa kasri. Akaridhika kabisa.

Saa kumi wakaondoka. Sasa tazama hali yangu. Nimemwahidi mzee, mbele ya mtoto wangu na sufuria zote, kwamba mistari haitarudi kwenye kilima chake. Bila mistari Deka hanitaki. Bila Deka ni Maua. Saa mbili zimebaki, betri kumi na tano.

Nilikaa, Kiende ananyonya, nikakodolea dirisha. Mama alikuwa ameliziba na ile karatasi yangu kubwa mvua isiingie. Ameibandika uso ukiangalia nje. Mwanga unapita, ramani inaonekana kwa nyuma. Mto umehamia kushoto. Kilima kinateremkia upande usio wake. Nilitazama mara mbili. Nimeoga kwenye mto huo miaka mitatu na sikujua pale ni wapi!

Nikageuza ufalme wote kama nguo, kulia kushoto. Zimwi la mlangoni kwa Baba nikalitoa, nikalitupa baharini. Bati la Beverlyne nikalifuta, kwa uchungu. Majina nikayafuta. Nikawasha sega.

Na sikutuma hivyo hivyo. Ahadi ni ahadi. Nilivuka uani kwenye mvua, Kiende mgongoni, mashine chini ya kanga, nikamwonyesha Baba kwanza. Alitazama ile mistari yote. Hakusonya. Akauliza hapo ni wapi.

Nikasema ni ng'ambo, Baba.

"Basi hao wagawane," akasema, akarudi kwa chai yake.

Imeenda saa kumi na moja na dakika hamsini. Betri asilimia mbili.

Jumapili, 9 Machi

Zote! Kumi na mbili! Deka amepiga simu kabla ya kanisa. Kimempendeza hasa kijisehemu kimoja ndani ya msitu wa mashariki, kimeandikwa Urubak. Akauliza jina hilo nimelitoa wapi, lina kitisho. Mimi mwenyewe nikashangaa. Kufungua, kumbe ni Kaburu. Nililiandika mara ya pili, kwa makosa, kwenye leya ya miti; likabaki nilipofuta mengine, likageuzwa pamoja na ufalme. Deka anataka libaki. Kaburu nimemwambia ana nchi nzima ng'ambo. Akauliza kama ina maji.

Shangazi Angeline nilimkuta nje ya kanisa. Nikamshukuru kwa heshima zote, nikamwambia sitaenda. Akauliza kama nina uhakika, kazi kama hizo hazingoji mtu. Kiende alikuwa amelala begani kwangu, mdomo wazi, mate yote kwenye gauni langu la Jumapili. Nikasema ninao.

Beverlyne amerudia kunisalimia kwa kidevu. Mama mgongo unamuuma tena, dakika kumi tu.

Deka anataka ufalme wa pili Jumamosi ijayo, uwe na bonde na mji wa kale. Nimetoka kanisani, nimefungua programu. Wazo hakuna. Nikafungua mlango. Ng'ambo ya barabara shamba la mwalimu Mwirigi limeteremka vizuri sana. Bonde liko. Nyumba ya matofali iko. Na kuhusu shamba la Mwirigi sikumwahidi mtu yeyote kitu chochote.

Nimelichora. Nikawasha sega kidogo tu, nione linavyokaa.

Mke wa mwalimu, Mama Maxine, akapita kurudisha chombo cha asali. Akasimama nyuma yangu. Kisha akauliza, kama mtu asiyejali, kama ni mwalimu ndiye aliyeagiza hiyo kazi bila kumwambia.

Nikamwambia ni mchezo.

Halafu nikamwambia majina bado hayajaandikwa, na nikamuuliza kama ana nafasi ya kunishikia mtoto mpaka saa kumi.

Ameshamfunga mgongoni. Anamwimbia. Mtu mzuri sana, yule mama. Nimemwekea C3, ina kisima.